Telefone Inanitosha

Kamina, Jumapili mchana

Kwako Tata mpendwa,

Jambo sana, Tata, na jambo sana kwa Mama, ambaye najua amekaa hapo karibu akikuambia usome polepole na usiruke kitu. Hamjambo nyote? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado unavimba akishinda shambani? Na mihogo ya kule bondeni, maji yaliiacha au yaliibeba yote? Mimi ni mzima. Homa ya mwezi uliopita imeondoka, kimebaki kikohozi kidogo, nacho nakiona kinafunga mizigo yake.

Utauliza kwa nini nimeandika barua wakati nina simu. Nilijaribu kukupigia, Tata. Huko Dianda mtandao unashika ukipanda kilima cha kanisa, na magoti yako siku hizi hayataki kilima. Halafu haya niliyo nayo hayasemeki kwa kupiga kelele "Halo! Halo! Unanisikia?" Kuna mama mmoja muuza samaki anarudi huko keshokutwa, yeye ndiye atakayekuletea. Nimeandika kwa Kiswahili cha kitabu kama ulivyotulea. Lakini nakuomba, ile kalamu yako nyekundu iache mezani mpaka ufike mwisho. Barua yangu ya Pasaka uliirudisha imejaa damu, Béatrice, mwenzangu wa chumba, akaniuliza kama nimeandikiana na mwalimu au na mzazi. Nikamwambia ni mtu mmoja.

Tata, nianze na neno lako mwenyewe. Ulisema mbele ya Mama, mbele yangu na mbele ya mdogo wangu Ngoie, kwamba mashamba hayawezi kupoteza mikono ya mabinti wawili kwa wakati mmoja, na kwamba siku mimi Mujinga nitakapomaliza chuo, siku hiyohiyo Ngoie ataanza. Tangu Ngoie apate diploma yake ya sekondari amekaa hapo nyumbani, analima na kungojea. Hajawahi kunilaumu. Ila kila nikimpigia ananiuliza mimi dada yake swali moja tu: "Yaya, iko karibu?" Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo mwaka mzima.

Kwa hiyo mwaka huu nilipoingia kwenye memwari, ile kazi ndefu ya kuandika ambayo bila hiyo hakuna kumaliza, niliingia kwa mbio. Nilichagua kuuliza kama simu inawasaidia wanafunzi wa hapa kufaulu, au inawaangusha. Hili ni jambo linalogombanisha watu Kamina nzima. Wazazi wanasema simu ndiyo inayoua masomo. Wanafunzi wanasema bila simu huwezi hata kupata maandishi ya somo, maana maprofesa wengine sasa wanayatuma humohumo. Profesa anayesimamia kazi yangu alifurahi sana. Kitivo chetu kinafikiria kuacha karatasi kabisa na kuweka masomo yote kwenye simu, naye alitaka kusikia wanafunzi wenyewe wanasemaje.

Basi nikawauliza. Nilianza kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa kila mtu alikuwa malaika, anasoma, anatafiti, analala mapema. Nikaona hapa nadanganywa mchana kweupe. Nikageuza, nikawaambia waongee kama wanavyoongea nyumbani. Waliokuwa na haya nikawaomba wanitumie sauti zao kwa simu, wakiwa peke yao, bila mimi kuwatazama usoni. Hapo ndipo sauti zikaanza kumiminika.

Zilikuwa nyingi kupita nilivyotegemea. Mwanafunzi mmoja akanionyesha programu ya simu inayosikiliza sauti ya Kiswahili, inaiandika, kisha inaigeuza kuwa Kifaransa safi. Nikasema asante Mungu. Nilikuwa nazilisha sauti upande huu, Kifaransa kinatoka upande ule, na mimi nimekaa kama bibi harusi. Cha kwanza kuipa kilikuwa sauti yangu mwenyewe, kuijaribu. Nikasema: "Minyi njo Mujinga, nasoma hapa ku université." Unajua iliandika nini kwa Kifaransa? "Mimi ndiye mpumbavu, ninasoma hapa chuoni." Tata, tulicheka na Béatrice mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Wewe na Mama mlinipa jina la mtoto aliyezaliwa kajiviringishia kitovu shingoni, kumbe mashine inalijua kwa maana yake nyingine tu. Nilifuta, nikaandika jina langu vizuri, nikaendelea. Sikujiuliza kama ilikuwa imekosea na kwingine.

Kazi ikaenda vizuri ajabu. Katika sauti nyingi lilitokea neno moja, kwamba simu inatosha. Programu iliandika: "Simu inanitosha kwa masomo." "Simu imenitosha tangu mwaka wa kwanza." Na kwa Kifaransa ikaweka kwamba simu inawakidhi, hawahitaji kingine. Nikajenga sura nzima juu ya neno hilo. Profesa alisoma akapiga meza kwa furaha. Aliniambia ataipeleka mbele ya kitivo, kwamba vijana wenyewe wamesema simu inatosha. Nilirudi nyumbani nikimwona Ngoie tayari amekaa darasani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Béatrice ni binti wa mfanyakazi wa reli, na sauti yake aliirithi kwenye reli hiyohiyo. Alikuwa anaanika nguo uani, mimi nimeachiwa sufuria ya bukari jikoni, nasonga ugali. Nimeweka kidude cha kusikilizia kwenye sikio moja, natafuta maneno mazuri ya kunukuu kwenye ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza nasikiliza sauti zenyewe badala ya kusoma maandishi. Alikuwa kijana mmoja, anaongea chini chini:

"Minyi, telefone inanitosha ku masomo. Nafungula syllabus, kiisha message inaingia, kiisha video, kiisha naona siku imeisha. Mwaka jana nilianguka. Mama yangu hajui bado."

Na katika sikio la pili, Béatrice kutoka uani:

"Mujinga! Tosha sufuria ku moto! Bukari inaungua!"

Tata, nilisimama hapo na mwiko mkononi. Tosha sufuria ku moto. Telefone inanitosha ku masomo. Yule kijana hakusema simu inamtosheleza. Alisema simu inamtoa kwenye masomo, inamng'oa kama sufuria kwenye mafiga. Alikuwa ananililia, nami nimeandika kwamba ameshiba.

Béatrice aliingia akakuta moshi. "Weye! Masikio yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba ndiyo kwanza nimeyapata.

Tulikula bukari yenye harufu ya moshi na mimi nikawa nafungua sauti moja baada ya nyingine. Karibu kila palipoandikwa "inanitosha kwa", mtu alikuwa amesema "inanitosha ku". Programu ile ilimsahihisha mtu kabla ya kumsikiliza. Ilichukua Kiswahili chetu cha Kamina, ikakipiga pasi kiwe cha kitabu, na maana ikaungua chini ya pasi.

Lakini nitaitukanaje mashine peke yake? Mimi nimezaliwa ndani ya neno hilo. Mama husema "tosha" kila siku ya Mungu, "tosha mbuzi mu mihogo," "tosha miguu mu maji," na wewe unamjibu kutoka kwenye kiti chako: "Si tosha, mama watoto, ni toa. Kutosha ni kuwa kiasi cha kufaa." Sasa angalia matokeo yake. Nikisikia "tosha" namsikia Mama, nikiiona imeandikwa nakusikia wewe. Maandishi yale niliyasoma mara nyingi kwa sauti yako, Tata, na kwa sauti yako yalikuwa sahihi kabisa. Kosa hili tugawane, mimi nichukue nusu kubwa.

Nilipomwambia Béatrice, hakuona tatizo. "Nyamaza tu, mulunda wangu. Nani atasikiliza zile sauti? Profesa anapenda kazi yako, unamutafutia makelele ya nini?" Na usifikiri nilimkaripia. Nilipiga hesabu ya mambo. Nikisema ukweli na kazi ikakataliwa, nitangoja sesheni ya pili, ile ya wanaorudia. Matokeo ya sesheni ya pili hutoka baada ya uandikishaji wa wanafunzi wapya kufungwa. Maana yake Ngoie anakaa mwaka mwingine na jembe. Nikinyamaza, namaliza, na Ngoie anaingia. Nilikuwa tayari kunyamaza, Tata, sikufichi. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa sijamwibia mtu wala kumtukana mtu, na bado nimejikuta hapo.

Kilichonizuia ni yule kijana. Nilirudia kumsikiliza asubuhi, nikiosha vyombo. Alikuwa hajamwambia hata mama yake kwamba alianguka, akaniambia mimi. Na kitivo kingesoma ukurasa wangu kiseme, mnaona, simu inawatosha, tuwape simu zaidi. Sikuweza. Nilijaribu kuandika tu sentensi moja ya kuruka jambo hilo, mkono ukakataa.

Nikaenda kwa Profesa. Yeye ni mtu wa Kasai, Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya, kwa hiyo lile neno lisingeweza kumshtua. Alinisikiliza akivua miwani na kuivaa tena.

"Mademoiselle Mujinga, unaniambia kama conclusion yote iko kichwa chini?"

"Iko vile, Profesa."

"Nani alikuonyesha?"

"Bukari, Profesa."

Alinitazama kama anayetafuta nambari ya daktari. Nikamweleza sufuria, nikamfungulia sauti mbili tatu. Mwisho akacheka, lakini kicheko kifupi, akarudi kuwa profesa. "Sikia. Unaweza kungojea deuxième session, urudilie pole pole. Ao unarudilia sasa, yote, kwa masikio yako. Ile siku ya kutoa kazi, minyi sitaisongesha hata kidogo."

Nikamwambia nitarudia sasa. Nilitoka nje nikiwa na furaha ya ajabu, kama ukiwa umetapika kitu kibaya.

Sasa nikuambie tulivyofanya kazi, kwa maana peke yangu nisingefika. Umeme wetu unajua ulivyo, unakuja kama mgeni na kuondoka bila kuaga. Kila asubuhi nilipeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia sokoni chenye mitambo ya jua, nikakaa hapohapo kwenye benchi nikiandika, ili nisipoteze muda wa kwenda na kurudi. Mchana nilihamia kwa wazazi wa Béatrice, kwenye zile nyumba za reli. Béatrice aliyeniambia ninyamaze ndiye aliyekuwa anashika kalamu. Sauti ikilia, tunasikiliza wote wawili, tunaandika maneno kama yalivyosemwa, bila kunyoosha hata herufi moja. Tukibishana, tunarudisha nyuma. Baba yake alikuwa akipita na kuuliza, "Bado munasikiliza tu machozi ya batoto ya bantu?" kisha anakaa na yeye kusikiliza.

Na machozi hayakuwa yote ya namna moja, hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. Kulikuwa na mama mmoja kijana, mke wa askari, anakaa kule Base, kambini. Alisema: "Mutoto iko ananyonya, siwezi kufika kila siku. Bila telefone ningekuwa nimeacha. Telefone njo ilinitosha mu giza." Neno lilelile, Tata! Mmoja simu imemtoa kwenye masomo, mwingine imemtoa gizani ikamtia kwenye masomo. Kama ningeacha yale ya mashine, wote wawili ningewaandika kwamba wametosheka.

Tena kulikuwa na kundi lililokuwa na simu moja nzuri kwa wote. Wanakutana nyuma ya kanisa, mmoja anaishika na kusoma kwa sauti, wengine wanaandika. Walifaulu wote. Nilipowauliza siri, msichana mmoja akasema: "Video utaangalia namna gani, wakati macho ya benzako yote iko pale?" Wale waliokuwa na simu nzuri kila mtu na yake, chumbani peke yake, wengi wao ndio waliosema wameanguka. Sikuandika kwamba hii ni sheria ya dunia, Profesa alinionya. Niliandika kwamba ndivyo nilivyosikia kwa hawa wa Kamina, na kwamba kitivo kabla ya kuacha karatasi kiulize kwanza wanafunzi wanasoma na nani.

Nilitoa kazi siku yenyewe, wino haujakauka vizuri.

Kisha nikaenda kuitetea mbele ya waamuzi. Nilivaa kitenge kile cha Mama cha kijani. Mwamuzi mmoja, profesa mwanamke mwenye sauti kali, aliniuliza kwa nini kazi ya chuo kikuu imejaa Kiswahili cha mitaani, na kwa nini sikuwauliza wanafunzi kwa Kifaransa. Nikamjibu: "Mama Profesa, niliwauliza kwa Kifaransa kwanza. Kwa Kifaransa wote walikuwa wanafaulu." Ukumbi ulicheka, hata yeye akainamisha kichwa, na akiinamisha kichwa nikaona meno. Akaniuliza tena kama nimeikataa ile programu. Nikasema hapana, nitaitumia tena, lakini nitakaa nayo kama ninavyokaa na mgeni asiyejua lugha, simwachi aende sokoni peke yake.

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye ukuta, mimi na Béatrice, yeye akinipepea na memwari yake mwenyewe ambayo zamu yake ilikuwa bado. Nilifikiri kila jibu nililotoa vibaya. Walipotuita tena, mwenyekiti wa waamuzi alisoma polepole sana, nadhani kwa makusudi. Tata, nimefaulu. Nimepata distinction. Profesa alinishika mkono akaniambia mbele ya watu kwamba ukurasa alioutaka yeye niliuchana mwenyewe, na kwamba hatasahau. Mimi nilikuwa nalia.

Basi nimemaliza. Nakukumbusha neno lako kwa heshima yote, maana wewe ni mtu unayeshika maneno, ya kitabu na ya kinywa. Uandikishaji wa wapya umeshafunguliwa na hautakaa sana. Kitanda changu nimeongea na Béatrice, anayebaki hapa mjini, kitabaki kwa Ngoie, na yeye amekubali kumpigia kelele kama anavyonipigia mimi. Nikishamwonyesha Ngoie darasa, soko na kibanda cha kuchajia, nitapanda kurudi huko nyumbani. Ile shule ya sekondari uliyosema haina mwalimu, waambie wasimtafute mwingine. Na mashamba ya Mama yatapata mikono yangu, ingawa imelainika kidogo.

Nisalimie Mama, umwambie kitenge chake kilisimama mbele ya maprofesa na hakikuaibika. Umwambie pia kwamba neno lake "tosha" limeandikwa kwenye kitabu cha chuo kikuu, pamoja na maelezo, na kwamba wewe usimkosoe tena. Nisalimie baba mdogo mvuvi, na mke wake, na yule mtoto wao mpya ambaye bado sijamwona. Nisalimie shangazi wa upande wa pili wa mto, nimepona, dawa yake niliinywa yote ingawa ilikuwa chungu. Nisalimie bibi, umpigie makofi ya heshima kwa ajili yangu, na mchungaji wetu pamoja na kwaya.

Kwa Ngoie situmi salamu. Zake nitampa mwenyewe, akishuka hapa na mzigo wake.

Ni mimi mwanao,
Mujinga